Mwanangu Alipoketi Bendera Ikipanda

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Aliyelala chali ainuke, na mwenye simu aiweke chini. Nimewaona mkitazama kwenye simu hizo wachezaji wa nchi za mbali wakipiga goti wimbo wa taifa lao ukiimbwa, kisha mkabishana hadi mate yakaruka. Huyu asema ni mashujaa, yule asema hawana adabu, na nyote mnazungumza kana kwamba jambo hilo limezaliwa jana. Mimi jambo hilo liliingia nyumbani kwangu, hapa mtaani Kuze, miaka ile ya tisini, likakaa na sisi na likala wali wetu. Basi nyamazeni kidogo niwaeleze.

Shule mimi sikusoma. Nilisoma chuo cha Qurani, nikahitimu, nikaolewa. Herufi hizi nilijifunza ukubwani, katika darasa la akina mama, na mwalimu wetu alikuwa msichana mdogo aliyetuogopa. Mkiona mahali nimeandika kama ninavyosema, ni kwa sababu sijui njia nyingine.

Marehemu mume wangu, babu yenu, alikuwa askari. Si askari wa mlango wa duka. Alipelekwa Burma kwenye vita vya Mwingereza angali kijana, ndevu hazijamjaa, akarudi na medali, goti bovu, na sauti ya kuamrisha watu. Medali alizitia sandukuni, goti nikawa nalikanda mimi kwa mafuta ya simsim, lakini sauti ile hakupata pa kuiweka. Mtaani wakamwita Sajini, wadogo kwa wakubwa. Na mimi nilimwita hivyo siku nilizokasirika, yaani mara nyingi.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria yake. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni, kila mtu husimama. Miguu pamoja, mikono ubavuni, macho mbele. Na wimbo wenyewe ulipigwa redio ikifunguliwa alfajiri, ukapigwa kabla ya hotuba za wakubwa, na sikukuu za taifa ndiyo usiseme. Nimesimama mimi na unga wa mahamri umenifika viwikoni. Wajukuu wamesimama na povu la sabuni kichwani, wakilia macho. Siku moja jirani alikuja kuomba ndimu, akatukuta sote tumenyamaza ukumbini, wima, hatupepesi jicho, hata salamu yake hatukuipokea. Alitoka mbio akatangaza mtaa mzima kwamba nyumba ile imeingiliwa na jini.

Njiani ilikuwa balaa zaidi. Jioni bendera ikiteremshwa kwenye ofisi za serikali, polisi alipiga kipyenga, na watu walitakiwa wasimame pale pale walipo. Wengi walisimama kwa kumwogopa polisi. Bwana wangu alisimama kwa moyo wake wote. Jioni moja alikuwa akipita Ngome ya Yesu, akakisikia kipyenga, akaganda katikati ya meza za wauza vinyago, kanzu nyeupe, fimbo ubavuni. Kipyenga cha pili cha kuwaachia watu waende zao hakukisikia, maana sikio la upande ule liliharibiwa na mizinga. Mtalii mmoja akamzunguka, akamkagua viatu, akauliza bei. Muuza vinyago akamjibu, "Huyu hauzwi, ana mwenyewe." Mwenyewe ni mimi. Nikaletewa habari, nikaenda nikamchukua.

Lakini msimcheke sana. Siku moja nilimwuliza, "Bwana, wewe wasimamia nini hasa? Hao wakubwa wenyewe wakipita kwenye magari yao hawashuki."

Akaniambia, "Mimi simsimamii mkubwa yeyote. Niliondoka hapa na wenzangu. Wengine niliwazika kwa mikono yangu hii, kwenye matope, na bendera yao wenyewe hawakuiona. Nikisimama, nawasimamia wao."

Tangu siku hiyo sikubisha tena. Na unga wangu viwikoni, nilisimama.

Sasa sikilizeni kisa chake kimoja, maana mambo yote yatakuja kukirudia. Kila Ramadhani, baada ya tarawehe, kahawa imemiminwa na kaimati zimeletwa, alikuwa akisimulia kisa cha machela. Mwenzao alipigwa risasi mguuni huko Burma, akalazwa kwenye machela kando ya njia. Siku hiyo alikuwa anakuja jenerali kuwakagua, na ofisa wao mzungu akachukua lori la majeruhi akalitumia kubebea viti na meza za mgeni. Akaamuru askari wapange safu mbele ya bendera ya mfalme. Askari wakaketi. Wote, matopeni, kuizunguka machela, bunduki magotini. "Ofisa akapiga ukelele mpaka akawa mwekundu kama nini?" babu alikuwa akiuliza, na wajukuu wakijibu kwa pamoja, "Kama pilipili!" Hawakuinuka hadi viti viliposhushwa na mwenzao akapandishwa lorini. Akamaliza hivyo hivyo kila mwaka: "Walinivua cheo, wakanirudishia baadaye. Lakini siku ile ndiyo niliyokuwa askari."

Kisa hicho nyumba nzima ilikijua kwa moyo. Hata paka, naamini.

Mwanangu wa mwisho, kitinda mimba, alikuwa mchezaji mpira. Alichezea timu kubwa ya hapa mjini, kwenye ligi ya nchi nzima, na kucheza ndiyo kazi iliyompa riziki. Alikuwa beki. Kazi ya kuwazuia watu wasipite, baba yake aliielewa na aliipenda. "Huyu yuko zamu," alikuwa akisema. Kwetu wali hupakuliwa kwenye sinia, watu wakalizunguka, mikono ikakutana. Sahani ya peke yake ni ya mgonjwa, au ya mgeni asiyezoeleka. Kila mchana baba na mwana walikula sinia moja pamoja na wajukuu, na Sajini alikuwa akimsogezea mwanawe mnofu wa samaki huku akijifanya anatafuta miiba. Alidhani simwoni.

Golikipa wa timu hiyo alikuwa kijana kutoka Kaloleni, hana mtu wake hapa kisiwani kwetu, amepanga chumba. Alikuwa akija kula kwetu. Shikamoo yake ilitangulia mlangoni kabla yeye hajavua viatu. Alikuwa Mkristo, na Ramadhani alifuturu kuwashinda waliofunga. Nilimpenda.

Katika mechi moja aliumizwa, mguu ukavunjika. Viongozi wa timu wakambeba hadi chumbani kwake, wakamfunga ubao na kitambaa, wakamwambia kesho watampeleka hospitali akapasuliwe kwa gharama ya timu, pesa ambazo sisi hatukuwa nazo. Kesho hiyo haikufika. Kila mwenyekiti wa timu alipoulizwa, alisema kesho. Nilimpelekea uji nikauona mguu wenyewe. Umevimba, rangi yake ya biringani. Nilirudi nyumbani sikuweza kula. Mwanangu naye alikuwa hali wala halali, kutwa yuko ofisini kwa mwenyekiti akiambiwa kesho.

Ikaja sikukuu ya taifa, na timu yetu ikawekwa kucheza mbele ya wakubwa. Askari wa zamani walialikwa wakakae jukwaani karibu na wageni. Nilimsugulia bwana wangu medali zake kwa majivu na ndimu hadi zikawaka, akaondoka akinukia marashi kama bwana harusi.

Mimi nilibaki na redio. Wimbo ulipopigwa kule uwanjani, nami nikasimama jikoni, mwiko ubavuni, chungu cha wali motoni. Ulipoisha, nikamsikia mtangazaji akisema kwamba wachezaji wa nyumbani wote kumi na mmoja waliketi kwenye nyasi tangu wimbo ulipoanza, na mashabiki wanawazomea. Nikalisikia lile zomeo. Nawaambia, hapo nilipo nimesimama wima peke yangu kama mlingoti, na mwanangu ndiye aliyeketi. Wali uliungua. Nilibaki nimesimama na wimbo umeshakwisha kitambo.

Mzee alirudi kwa miguu, na goti lile, na jua lile. Alivua medali, akaziweka mezani moja moja.

"Sahani," akasema.

"Sahani gani?"

"Ya mwanao. Kuanzia leo ale peke yake. Aliyejitenga na wenzake uwanjani, na atengwe chakulani."

"Umemwuliza kwa nini ameketi?"

"Jeshini adhabu hutangulia, maswali hufuata."

"Ndiyo maana vita vyenu vilichukua muda," nikamwambia. Hakucheka.

Mwanangu alipoingia alibaki mlangoni. "Baba, bendera ikipanda ndipo wakubwa wanapotutazama," akasema. "Baada ya hapo wanatazama mpira. Tungeketi kwa ajili ya mwenzetu lini?"

Baba yake alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa inatangaza bei ya mahindi.

Mimi ni mwanamke mtiifu. Amri ilisema mwanangu ale peke yake. Haikusema ale nini. Basi sinia likawa linakwenda na wali na vijisamaki vya miiba mitupu, na sahani ya mfungwa ikaenda na samaki wa kupaka, tui zito, na ndizi mbivu pembeni. Siku ya kwanza wajukuu walitazama tu. Siku ya pili mmoja alimfuata ami yake kumwuliza jambo la shule, akarudi akijilamba vidole. Haikumalizika wiki, bwana wangu akajikuta yuko peke yake mbele ya sinia kubwa la watu wote.

"Wako wapi hawa?"

"Wameadhibiwa," nikamjibu. "Wamejiadhibu wenyewe."

Akatafuna miiba yake. Lakini niliona jambo jingine. Kila jioni, mlango ukilia na mwana akaingia, mzee alikuwa akiinuka nusu, kisha akijifanya anatafuta viatu. Na viatu amevivaa.

Ningeendelea hivyo, nikicheka moyoni, lau si mwanangu kunijia jikoni akiwa ameshafunga sanduku lake. Amepata chumba Kisauni, akasema, atahama mwisho wa mwezi. "Nimepewa sahani ya mgeni, Mama. Basi niwe mgeni." Hapo mzaha uliniishia. Watoto wangu wengine wote walikwisha kutawanyika na kuniachia wajukuu, huyu ndiye niliyebaki naye, na baba yake alikuwa mzee. Nilijua wakiachana hivyo, mmoja kavimba huku na mwingine kavimba kule, hakuna atakayetangulia kurudi. Wote wawili walikuwa na shingo moja.

Nikamtumia habari Koplo. Huyu alikuwa Mkamba, walikwenda pamoja Burma na walirudi pamoja, kisha akafanya kazi reli, akastaafu na kukaa na wanawe kwenye fleti kule Ganjoni. Duniani alikuwa mtu pekee asiyemwogopa mume wangu. Alikuja Ijumaa alasiri, suti na tai katika joto lile, akaagiza mashtaka yasikilizwe barazani, mbele ya wapita njia.

"Ndani," mume wangu akasema. "Haya ni mambo ya nyumba."

"Afande, uliyafanya ya jeshi mwenyewe," Koplo akamwambia. "Mahakama ya jeshi huwa ya wazi. Mimi ndiye jaji. Wewe mshtaki. Mshtakiwa simama pale. Nani anamtetea?"

"Mimi," nikasema.

Mume wangu akaruka. "Mwanamke haingii mahakama ya jeshi!"

"Haya. Basi mahakama itakunywa maji ya mfereji leo, maana buli la kahawa ninalo mimi."

Koplo akalitazama buli. Akasema sheria inaruhusu.

Mashtaka yakasomwa, marefu, kwa sauti ile ambayo hadi wenye maduka walitoka nje. Mshtakiwa alikuwa amesimama ubavuni mwa nguzo, kichwa chini, ndevu changa, mrefu kumpita baba yake. Zamu yangu ilipofika nikasema sina maneno mengi, nina shahidi mmoja tu.

"Nani?" akauliza Koplo.

"Sajini mwenyewe. Hebu, bwana, tusimulie kisa cha machela."

Sasa nyinyi mnajua kwamba mume wangu hakupata kukataa kukisimulia kisa hicho, hata kwa daktari wa meno. Akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza. Matope. Mwenzao na mguu wake. Wajukuu wakasogea. Viti vya jenerali vikapakiwa kwenye lori la majeruhi, ofisa akaamuru safu, bendera ya mfalme ikawa inapanda, na sisi, akasema, na sisi...

"Mkaketi!" wajukuu wakamaliza, kwa pamoja, kama walivyozoea.

Kikombe cha Sajini kikabaki hewani. Nilimwona akilisikia lile neno, likimwingia polepole, kwa sikio lile zima. Koplo alikuwa ameinamia goti lake, mabega yanatikisika, machozi ya kicheko yanamdondokea kwenye tai.

"Si sawa," mume wangu akasema mwishowe. "Ile ilikuwa bendera ya mfalme wa watu. Hii ni yetu."

"Ya mfalme wa watu tuliiambia kwamba kuna mtu anaumia," Koplo akasema, akijifuta macho. "Hii yetu tuifiche?"

"Na wale tuliowazika? Nao nani atawasimamia, Koplo? Wewe uliwazika na mimi."

Koplo akaacha kucheka. Hapo, nawaambieni ukweli, nilimwonea mume wangu huruma, na sikuona kwamba amekosea. Mwanangu ndiye aliyesema, na hakuinua kichwa.

"Baba, kisa hicho nimekisikia tangu nina meno ya utotoni. Nilijua uko jukwaani siku ile. Nilidhani wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuelewa. Nilidhani utashuka uje uketi na sisi."

Mzee alikunywa kahawa yake yote, chungu hivyo, bila haluwa. Akaweka kikombe.

"Mliketi vibaya," akasema.

"Vipi, Baba?"

"Niliwatazama. Mmoja anatafuna. Mmoja anafunga kamba za viatu. Winga wenu amelalia kiwiko kama mtu aliyekwenda kupunga upepo. Mtu akiona hivyo atajuaje kama mnalalamika au mmechoka? Sisi tuliketi safu, migongo imenyooka. Ofisa alituogopa." Akamgeukia sasa, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sikiliza. Wimbo una mwanzo na una mwisho. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni wa wale ninaowajua mimi. Huo simameni. Ukiisha, uwanja ni wenu, ketini hadi jua lizame, na maji nitawaletea mimi."

"Wimbo ukiisha wanatazama mpira."

"Na mpira usipochezwa watatazama nini?"

Mwanangu akainua kichwa. Akaniangalia mimi. Nikamtilia kahawa, ndilo jibu nililokuwa nalo.

Koplo akatoa hukumu: mshtakiwa ana hatia ya kuketi ovyo, mshtaki ana hatia ya kusahau kisa chake mwenyewe, na mtetezi alete kahawa nyingine. Kuhusu sahani, mume wangu akasema amri ya jeshi haifutwi barazani. Ataifikiria. Na sanduku la mwanangu likabaki limefungwa, nyuma ya mlango.

Kilichofuata Kuze ilikizungumza mwaka mzima. Timu nzima ilikuja kwenye uchochoro wetu kufundishwa kuketi. Uchochoro mwenyewe mnaujua, wawili wakipishana mmoja ajibane ukutani. Wakapangwa safu moja, vijana wale wote wenye mapaja kama magogo, na Sajini mbele yao na fimbo.

"Timu! Keti!" Wakaketi, huyu sasa, yule baadaye, mwingine juu ya mguu wa mwenzake.

"Kama mafenesi yanavyoanguka!" akawakemea. "Mara moja! Timu, simama! Keti!"

Wanawake madirishani walicheka hadi mmoja akaangusha ushungi wake ukamfunika winga kichwani. Mwishowe mzee akataka kuwaonyesha mwenyewe. Akaketi vizuri ajabu, mgongo wima, mikono magotini. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Ikabidi mabeki wawili wamnyanyue, mmojawapo mwanawe, na niliona mkono wa mzee ulivyochelewa kuliachia bega lile.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya kombe, yenye wageni wa heshima na bendi. Safari hii nami nilikwenda. Sikuwa nimepata kuingia uwanja wa mpira maishani mwangu. Nilivaa buibui langu, nikachukua chupa ya maji, nikaketi karibu na bwana wangu na medali zake. Wimbo ukapigwa. Wale vijana walisimama, haki ya Mungu, kama wamemiminwa kwenye kalibu moja. Wageni wa timu ya pili wakawaona, nao wakaanza kunyoosha mabega yao. Mashabiki waliokuja wamejiandaa kuzomea walibaki na zomeo midomoni.

Refa akapiga kipyenga cha kuanza. Kumi na mmoja wetu wakashuka chini pamoja, pa! Kumi safu moja, golikipa wa akiba golini kwake, mikono magotini, macho kwa mwenyekiti.

Mshambuliaji wa timu ya pili hakujua afanye nini. Akauchukua mpira, akaenda nao, hakuna wa kumzuia. Akafika golini na golikipa wa akiba ameketi. Akausimamisha mpira pale mstarini, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akauketia.

Hapo mume wangu akainuka, na sauti ile ambayo kwa miaka yote haikupata pa kuwekwa, siku hiyo ilipata.

"Mwenyekiti! Kuna mtu anaumia!"

Watu wakaanza kuulizana, ni nani? Yuko wapi? Habari ya golikipa ikatembea jukwaani kutoka kinywa hadi kinywa, ikafika kwa wageni wa heshima, nao wakamgeukia mwenyekiti kumwuliza. Mwenyekiti akashuka mwenyewe hadi kwenye nyasi, jasho linamtiririka, akasema kesho asubuhi gari litakwenda kumchukua.

"Sasa hivi," mume wangu akamjibu kutoka juu.

Gari likatoka sasa hivi. Nilipanda mimi, siti ya mbele, bila kukaribishwa. Nilitaka nimwone huyo kesho anafananaje. Mpira ukachezwa, tukafungwa, na hakuna aliyejali isipokuwa mwanangu, ambaye hadi leo anasema refa alionea.

Golikipa alipasuliwa mguu, akafungwa plasta kutoka pajani hadi kisiginoni. Hospitali walipomruhusu nilimleta kwangu, maana chumba chake kilikuwa ghorofani na ngazi zake ni za kuua. Nikamtandikia ukumbini. Nikampa sahani yake mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuliinamia sinia.

Mume wangu alikuwa akimsifu mwanawe kila baraza la mji huu. Nyumbani, kimya. Amri yake hakuifuta, kwa sababu askari wa aina yake hajui neno la kufutia. Mwana naye hakuomba, kwa sababu ni mwana wa baba yake. Mwisho wa mwezi ukawa unakaribia. Nikawa napeleka ukumbini sinia moja na sahani mbili, na sanduku bado liko nyuma ya mlango.

Mchana mmoja nimeweka chakula tu, mvuke unapanda, redio ikaanza wimbo, kulikuwa na hotuba. Wote wima. Sajini mbele ya sinia, wajukuu kando yake, mwanangu kule pembeni juu ya sahani yake, mgongo umenyooka ule ule wa baba yake. Na yule golikipa, na plasta lake, akashika magongo akaanza kujivuta ainuke, jasho limemtoka, adabu inamwinua na mguu unamrudisha chini. Gongo moja likateleza. Mwanangu alimdaka kwapani bila kugeuza macho mbele. Mume wangu aliona. Neno likamfika mdomoni, lakini wimbo ulikuwa unapigwa, na yeye katikati ya wimbo hasemi.

Mimi nikasema. Kuzungumza wimbo ukipigwa hakukuwa kumetokea katika nyumba ile tangu nilipoolewa, lakini mwenye jiko naye ana cheo chake.

"Wewe mwenye mguu, keti. Nyinyi wengine simameni hadi uishe, na yeye mumsimamie. Ukiisha, sahani ya peke yake humu ndani ni ya mgonjwa tu. Asiyeumwa afungue sanduku lake, arudi kwenye sinia, na Sajini amsogezee samaki kama alivyozoea."